Neno Moja Nililoshindwa Kuandika: Safari Yangu ya Kusomea Afya ya Jamii

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wenzangu wa chama pale Raskazone. Waliokosa kufika waliomba yawekwe hapa. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza salamu na vicheko tu.)

   

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, njoo utuzungumzie kidogo elimu na ajira, maana wewe umesoma kwa ufadhili." Nikamjibu sawa, lakini mimi sina hotuba ya kuhamasisha. Hizo zipo nyingi, unazisikiliza mpaka unapiga makofi, ukitoka nje njaa iko palepale. Nimekuja na mambo matatu tu: nilivyosoma, nilivyokosea, na ninachotaka chama hiki kisikosee.

Raskazone hapa wengi tunapajua kwa kuogelea. Wapenzi wa historia wanajua kwamba Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari kutoka India, wakaenda kupigana mjini na jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa dogo kuliko lao, wakashindwa, na nyuki nao wakawamalizia. Mimi napajua kwa sababu nyingine. Kwetu ni Sahare, na nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kumsindikiza babu hospitali ya Bombo. Mtu mwenye afya hiyo njia haimsumbui. Sisi ilitula asubuhi nzima, kwa sababu babu alikuwa na matende.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mara mbili ya wa kulia. Alikuwa mvuvi, na mvuvi mwenye mguu ule haingii ngalawani. Alikaa barazani akishona nyavu za wenzake. Kila baada ya muda homa inampanda, mitoki inavimba, anatetemeka siku tatu. Mtaani walisema amerogwa. Wengine walisema ni madafu, eti amekunywa madafu mengi ujanani. Hata mabusha ya wazee wengine walisema ni madafu hayohayo. Mimi nikaacha kunywa madafu kabisa. Mtoto wa Tanga, pwani, hanywi madafu!

Siku moja akaja mama mmoja wa afya. Ilikuwa ile miaka ya 2000 walipoanza kugawa dawa za matende nyumba kwa nyumba, mara moja kwa mwaka. Mnakumbuka, unasimamishwa kwenye kijiti wanapima urefu wako, ndipo wanajua vidonge vyako vingapi. Mtaani kukawa na uvumi kwamba ni dawa za kufunga uzazi. Baba akakataa. Yule mama hakugombana naye. Akakaa chini kwenye jamvi, akaomba maji ya kunywa, akaeleza. Kwamba matende yanaletwa na minyoo midogo sana, inayosambazwa na mbu. Kwamba dawa inaua vijinyoo vilivyo kwenye damu ili mbu akikuuma asivipeleke kwa mwingine. Kwamba babu mguu hautarudi kama zamani, asidanganywe. Lakini zile homa zinaweza kupungua.

Halafu akaniita mimi, mtoto wa miaka tisa au kumi. Akanionyesha namna ya kuosha ule mguu: maji safi, sabuni ya kawaida, kila siku, katikati ya vidole na kwenye mikunjo yote, kisha unakausha kwa kitambaa laini, unaangalia kama kuna kidonda, na jioni babu auinue mguu juu ya mto. Basi. Hakuna sindano. Nikawa naosha kila jioni. Homa za babu zikaanza kupishana kwa miezi. Akarudi msikitini kwa miguu yake.

Baba alimeza dawa mwaka uliofuata. Na mimi nikajua nataka kuwa nani. Sikujua hata jina la kazi yenyewe. Nilisema nataka kuwa kama yule mama.

Sasa shule. Nilisoma shule ya kata. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza na bango la mifupa ya binadamu. Mimi ni wa kidato cha nne cha 2012. Nikisema hivyo wa umri wangu wanaelewa. Matokeo yalipotoka mapema 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walipata sifuri. Taifa zima lilishtuka, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, yakatangazwa tena. Nilipita katika yote mawili. Lakini kuna wasichana niliokaa nao dawati moja, wenye akili kunishinda, ambao waliolewa kati ya tangazo la kwanza na la pili. Tangazo la pili liliwakuta na mimba. Hilo huwa halitajwi kwenye takwimu.

Shirika moja la ufadhili, jina naliacha, likanichukua. Walinilipia kidato cha tano na cha sita, nikasoma mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia. Mwaka 2015 nikaingia chuo kikuu kusomea afya ya mazingira. Ndiyo hii kazi ya bwana afya na bibi afya, kwa jina la darasani. Wao walilipa ada. Chakula, chumba, nauli na karatasi ni juu yangu. Hivyo mama yangu akaongeza kikaango cha pili cha vitumbua. Wenzangu wakipata bumu lao la Bodi ya Mikopo walikuwa wananiita, "Bibi afya, leo tunakula kuku." Wallahi sitawasahau. Bumu la mtu mmoja lilikuwa linalisha watatu.

Kile chuo kilinifundisha mambo ambayo mpaka leo yananifanya nipende kazi hii. Nilijifunza kwamba mtu anayefunga kisima kibaya anaokoa watu ambao hawatamjua kamwe. Daktari anashukuriwa na mgonjwa. Bibi afya hashukuriwi na mtu ambaye hakuumwa. Nilisoma habari ya kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, enzi za Mwalimu. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, wanajadiliana, kesho yake wanachimba vyoo. Nchi maskini kuliko sasa, bila simu, bila mtandao. Sisi wa upinzani tuna mengi ya kulaumu katika enzi ya chama kimoja, na tuyalaumu. Lakini lililofanyika vizuri tuseme lilifanyika vizuri, ili tudai lifanyike tena.

Mwaka wa pili ndio ulinitia adabu. Shirika likaishiwa fedha. Barua ikaja ya mistari minne: tunasikitika, tunakutakia kila la heri. Nikabaki na ada ya nusu mwaka na mitihani iko mbele. Nikampigia baba, nikamwambia nataka kuahirisha mwaka. Baba akanyamaza, akasema, "Subiri bamvua lipite."

Sikuelewa. Baadaye mama ndiye aliyenisimulia. Baba alikwenda kwa wavuvi wenzake wa Sahare, akawaeleza. Wale wazee wakakubaliana kwamba pweza watakaopatikana siku mbili za bamvua, mapato yote ni ya binti wa fulani. Wengi wao hawakumaliza darasa la saba. Mmoja alikuwa na mabusha yanayomzuia hata kutembea vizuri, lakini aliingia majini. Ada ikalipwa. Kwa hiyo mkinitambulisha kwamba nimesoma kwa ufadhili, tafadhali msisahau pweza. Mfadhili wa nje alinifikisha njiani, na wavuvi wa Sahare wakanivusha.

Na katika mwaka huohuo ndipo lilipotokea jambo ambalo limenikaa mpaka leo.

Mnamjua Dk. Mwele Malecela? Naona wachache mnainua mikono. Alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1979. Lakini kwa mtu wa Tanga alikuwa zaidi ya hapo. Alimaliza shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaja kuanza utafiti katika kituo cha Amani, mkoani kwetu, kwenye miaka ya 1980. Alichokuja kutafiti ni matende na mabusha. Baadaye akapata udaktari wa falsafa London, akarudi, akaongoza mpango wa taifa wa kutokomeza matende. Zile dawa za kijiti, ule mguu wa babu yangu, nyuma yake yupo yeye na wenzake. Nilipolijua hilo chuoni, nikabandika picha yake ukutani juu ya kitanda.

Desemba 2016 alizungumza na waandishi wa habari. Akatoa matokeo ya utafiti: wamepima sampuli za damu za watu hapa nchini, wamekuta dalili za maambukizi ya virusi vya Zika. Wizara ikatoka na kusema Tanzania haina mlipuko wa Zika. Haikupita hata wiki, uteuzi wake ukatenguliwa na Rais.

Jamani, tutulie hapa kidogo, maana hapa ndipo siasa na sayansi zinapogongana. Kusema "virusi vimeonekana kwenye sampuli" ni jambo moja. Kusema "kuna mlipuko" ni jambo lingine. Mtafiti alisema la kwanza. Wizara ilikanusha la pili. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja! Kulikuwa na nafasi ya kukaa meza moja, kuwaeleza wananchi, kuwatuliza watalii. Badala yake mtu akaondolewa.

Na niwaambie jambo ambalo huenda halitawafurahisha baadhi yenu. Dk. Mwele hakuwa mpinzani. Baba yake ni Mzee John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu. Alikuwa mtu wa chama tawala, wa ndani kabisa. Kwa hiyo hapa sizungumzii wetu na wao. Nazungumzia mtu aliyesoma, aliyefanya kazi yake miaka karibu thelathini, aliyesema alichokiona. Shirika la Afya Duniani likamchukua, mwishowe akawa mkurugenzi wa idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele huko Geneva. Alifariki Februari 2022. Mwenyezi Mungu amrehemu. Dunia ilimtumia. Sisi tulikuwa naye mkononi.

Jioni ile bwenini tulikuwa wasichana wanne chumbani. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja akasema tu, "Kama yeye kaondolewa, mimi na wewe je?" Somo hilo halikuwa kwenye ratiba, lakini tulifaulu wote. Tulijifunza kuogopa.

Nikamaliza 2018. Kuanzia 2016 ajira za serikali zilikuwa zimesimamishwa, wakahakiki watumishi hewa, wakahakiki vyeti, mwaka 2017 watumishi 9,932 wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi. Kuhakiki sikatai. Lakini zahanati ziliendelea kukosa watu, na sisi wenye vyeti halali tukakaa nyumbani navyo. Nikafanya kama wengi wenu mnavyofanya: nikaenda kujitolea. Mkoa mwingine, si huu. Kituo cha afya, sitakitaja. Silipwi mshahara, napewa nauli wakikumbuka.

Sasa nafika kwenye lile ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Mwaka wangu wa pili pale, Jumatatu moja, akaletwa mtoto anaharisha. Kinyesi cheupe kama maji ya mchele. Macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta haitaki kurudi. Mchana wakaja wawili wengine, jioni wanne. Nikauliza wanatoka wapi. Mtaa mmoja. Nikauliza maji wanachota wapi. Kisima kimoja, na juu yake, mwendo wa hatua chache, kuna choo kilichofurika mvua iliponyesha. Mtu yeyote aliyesomea kazi hii angejua anaangalia nini. Ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa mara moja, si wa kusubiri ripoti ya wiki. Unashuku, unaandika, unatuma sampuli maabara, unafunga kisima hukohuko kwenye kushuku. Nikachukua daftari. Nikaandika: "washukiwa wa kipindupindu, 7."

Msimamizi wangu akaja, akasoma. Hakunifokea. Alikuwa mtu mwema, ana watoto, ana mkopo benki. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hilo neno halitoki hapa mpaka wakubwa waseme. Andika kuhara."

Nikamtazama. Nikafikiria ajira niliyoomba mara tatu. Nikafikiria barua ya utambulisho ambayo ni yeye atakayeiandika. Nikafikiria pweza wa Sahare. Nikamkumbuka Dk. Mwele, na badala ya kunipa ujasiri, akanipa woga.

Nikapaka wino mweupe. Nikaandika "kuhara, 7."

Sampuli zilichelewa kupelekwa, kwa sababu kuhara tu hakuna haraka. Tuliwapa wagonjwa maji ya chumvichumvi na dripu, hapo tulifanya kazi usiku na mchana, hakuna aliyelala. Lakini kisima kilifungwa Ijumaa. Kati ya Jumatatu na Ijumaa walikuja wengine kumi na mmoja. Bibi mmoja hakurudi nyumbani kwake. Aliletwa na mjukuu wake, msichana wa umri kama niliokuwa nao mimi nikiosha ule mguu.

Siwezi kusimama hapa niseme angepona kama ningeandika neno moja. Sijui. Ninachokijua ni kwamba kile kisima kingeweza kufungwa Jumatatu, na kilifungwa Ijumaa. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

(Hapa nilinyamaza kidogo. Samahanini.)

Nimewasimulia hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, msije mkaniona shujaa. Ya pili, nataka mwone jinsi jambo la juu linavyoshuka mpaka chini. Pale kituoni hakuna kiongozi yeyote wa taifa aliyenipigia simu. Hakuna aliyetoa amri. Hofu ilishuka yenyewe, ngazi kwa ngazi, mpaka ikafika kwenye daftari la msichana wa kujitolea. Mwaka 2015 tulipata Sheria ya Takwimu, mwaka 2018 ikafanyiwa marekebisho yaliyofanya kupinga takwimu rasmi kuwa kosa la jinai, mwaka 2019 kipengele hicho kikaondolewa baada ya makelele ya ndani na nje. Vizuri. Lakini mwaka 2020 korona ilipokuja, idadi ya wagonjwa ilitangazwa hadi mwishoni mwa Aprili, kisha kimya kwa zaidi ya mwaka. Sheria ilikuwa imelegezwa, hofu ilikuwa bado ipo.

Baadaye nikapata kazi kwenye mradi uliokuwa ukitegemea fedha za Wamarekani. Mshahara wa kwanza wa maisha yangu. Nikampeleka mama hospitali ya macho, nikawarudishia wazee wa Sahare kwa kuwanunulia nyavu. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada, mradi wetu ukafungwa. Kwa mara ya pili maishani nikapata barua ya mistari minne. Nikarudi nyumbani kwenye vitumbua. Sasa nimepata ufadhili mwingine wa kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, naondoka karibuni. Nitakuwa na miaka thelathini na kitu darasani, na nashukuru.

Sasa tuje kwetu. Nina mambo ya kuomba kwa chama na mambo ya kuwaomba ninyi.

Kwa chama, naomba kwenye ilani yetu yaingie haya, kwa maneno mepesi. Moja, mtumishi wa afya anayetoa taarifa ya ugonjwa kwa nia njema asiguswe. Iandikwe kwenye sheria, si kwenye hotuba. Mbili, viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001, Tanzania ikiwemo, wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwenda afya. Kila bajeti ikisomwa, wabunge na wasemaji wetu waulize tumefikia ngapi. Wamarekani wametuonyesha kwamba afya iliyojengwa kwa fedha ya mtu mwingine inaweza kufungwa kwa saini ya mtu mwingine. Tatu, wanaojitolea walipwe. Hakuna nchi inayoweza kuendesha zahanati kwa vitumbua vya mama zetu. Nne, mikopo. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016 wenzangu wanakatwa asilimia 15 ya mshahara badala ya 8. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa 2021, na tuseme asante ilipofutwa. Lakini hiyo 15 bado inauma kwa mtu anayeanza maisha, na tuendelee kuidai ipungue.

Na lingine kwa chama, hili litauma. Kukitokea kipindupindu mahali, sisi upinzani hukimbilia kuandika kwamba serikali imeshindwa. Sawa, andika. Lakini umebeba klorini? Umekwenda kwenye nyumba hata moja kuwaonyesha mama jinsi ya kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi? Tukiufanya ugonjwa uwe fimbo ya kuchapia tu, tunampa mkubwa sababu ya kuuficha. Tunamtisha yule msimamizi wangu mara mbili. Nataka siku moja mtu wa zahanati aone kijana mwenye fulana yetu anakuja, aseme, "Ahaa, wamekuja kusaidia."

Kwenu vijana. Njia ya kuingia afya ya jamii si moja. Wa kidato cha nne waliopata alama za sayansi, kuna vyuo vya kati vya afya, unaanza cheti na stashahada, unapanda baadaye. Hapa mkoani kwetu Muheza kipo chuo kinachofundisha udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa. Kazi ya mbu, kwa Tanga, haitakwisha leo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na kozi za afya zimo. Wa kidato cha sita waliofaulu sana sayansi, tangu 2022 upo ufadhili wa serikali unaoitwa Samia Scholarship. Najua jina litawafanya baadhi yenu mkunje uso. Msikunje. Ni kodi ya baba yako na ya mama yako, omba kama unavyoomba haki yako.

Na wengi wetu hatukosi kwa akili ndogo. Tunakosa kwa makaratasi. Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA. Cheti cha kifo cha baba hakijatafutwa. Fomu haina muhuri wa serikali ya mtaa. Kaya imo TASAF na hakuna aliyeandika. Dirisha la maombi linafungwa, mtoto yuko shamba hana bando. Hili ndilo ninalowaomba mlifanye, na halihitaji kushinda uchaguzi. Kila tawi liweke meza moja Jumamosi. Simu mbili, bando, mtu mmoja aliyewahi kuomba mkopo. Mtoto akija, msimuulize kadi ya chama. Baba yake awe wa chama chochote. Wavuvi wa Sahare hawakuniuliza mimi ni wa chama gani, nilikuwa sijui hata mwenyewe.

Mimi kabla ya kuondoka nina Jumamosi tatu. Nitakaa kwenye meza ya tawi la kwetu, kuanzia saa mbili asubuhi. Vitumbua atauza mama palepale, mtanunua.

Nimalizie na daftari. Nikirudi na shahada yangu, siku moja nitakaa tena mbele ya mgonjwa, na mtu mwema mwenye hofu atasimama nyuma yangu aniambie niandike neno lingine. Nimeshajua nitaandika nini. Ninachotaka kutoka kwenu ni kwamba siku hiyo, nikishaandika, nisiwe peke yangu.